Shujaa wa Kiislamu Kwenye Televisheni: Ni Nani Amchoraye?



Haifai tena kuuliza kama watoto wetu watawatazama mashujaa wa ajabu wa kwenye televisheni, wale warukao angani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Wamekwisha kuwatazama. Kama nyumbani hamna televisheni, iko kwa jirani. Na jirani akifunga mlango, iko simu ya mjomba. Mtoto wa Kibokoni, Mombasa, amjua Spider-Man kwa jina na kwa nguo, na mtoto wa Murukulazo, huku wilayani Ngara tunakopakana na Rwanda na Burundi, amjua vile vile, ingawa baina ya watoto hao wawili pana safari ndefu ya kuchosha mifupa. Swali lililobaki ni jingine, na ndilo nitakalo tulipime pamoja. Akitokea shujaa wa namna hiyo ambaye jina lake ni la Kiislamu, asema Bismillahi kabla ya kuwasha gari, na rafikiye avaa hijabu, je, yatosha hayo tumpokee na kusema huyu ni wetu?

Shujaa huyo yupo, naye ni msichana. Aitwa Kamala Khan. Mwaka 2013 alijitokeza kidogo katika vitabu vya picha vya kampuni ya Marvel ya Marekani, na mwaka 2014 akapewa kitabu chake mwenyewe. Ana miaka 16, akaa Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, na wazee wake wametoka Karachi. Miongoni mwa waliomtunga ni Sana Amanat, mhariri, binti wa wahamiaji wa Kipakistani, na G. Willow Wilson, mwandishi wa Kimarekani aliyesilimu. Juni 2022 akaingizwa kwenye televisheni kwa vipindi 6 vilivyoitwa Ms. Marvel, na aliyeigiza, Iman Vellani, ni mzaliwa wa Karachi aliyelelewa Kanada. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba waliomtengeneza hawajapata kuuona mlango wa msikiti.

Kabla ya kumhukumu, yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwanachuoni mmoja wa Marekani, Jack Shaheen, ambaye wazee wake walitoka Lebanon, alizitazama picha zaidi ya 900 za Hollywood na mwaka 2001 akatoa kitabu juu ya namna Mwarabu anavyoonyeshwa humo. Alichokiona ni sultani mlafi, mwizi wa jangwani, mtegaji mabomu, na mwanamke asiye na ulimi. Picha ndizo hizo zilizoonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, na sisi tulilipa kiingilio, tukakaa gizani, tukampigia makofi yule mwenye farasi mweupe aliyekuwa akiwapiga watu wanaofanana na ami zetu. Sidhani kama kuna aliyetoka nje akajiuliza alikuwa akimshangilia nani.

Wako watakaosema: ya nini haya yote, mashujaa wa ajabu ni mambo ya Kizungu, mtoto na asome Juzuu Amma. Asome, bila shaka. Lakini hilo la kuwa ni mambo ya Kizungu si kweli, na watu wa Pwani ndio wa mwisho kustahili kulisema. Nani asiyemjua Fumo Liyongo, ambaye nguvu zake hazikuwa na kifani na mwili wake haukupenywa na kitu isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni? Nani hakusikia kwa bibi yake Utenzi wa Ras al-Ghuli? Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na humo Sayyidna Ali na upanga wake hufanya mambo ambayo hao wa kwenye televisheni wangeyaonea wivu. Nyumba zetu zilikuwa na mashujaa wa ajabu kabla Marekani haijawa dola.

Ila watunzi wetu walikuwa na adabu yao. Mtunzi huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na tangu beti za mwanzo msikilizaji anajua kuwa nguvu zina Mwenyewe. Shujaa anazo kwa kuazimwa. Na zaweza kuondoka kwa njia asiyoitazamia, kama zilivyomwondokea Liyongo, ambaye majeshi hayakumweza lakini mwanawe mwenyewe alimweza, akiwa amelala. Bibi akifika hapo watoto hunyamaza. Hakuna aliyelala usiku ule akitaka kuwa Liyongo; walilala wakijiuliza yule kijana aliahidiwa nini hata akamchoma babake. Hivyo ndivyo hadithi ya shujaa ilivyokuwa ikifanya kazi katika nyumba ya Kiswahili.

Sasa tumrudie binti Kamala. Yako mema katika vipindi vyake, na si haki kuyaficha. Baba na mama ni wazee wenye heshima na mapenzi. Hawakuchorwa kama wakatili ambao lazima mtoto awakimbie ndipo awe mtu. Kaka yake, Aamir, ni kijana wa swala na ndevu, na hakuna anayemfanya gaidi. Kuna nikaha, kuna vyakula, kuna mashangazi wasiokosa la kusema juu ya kila mtu. Wakati mmoja viatu vya gharama vya rafiki yake vinaibiwa msikitini. Hapo nilicheka peke yangu, kwani jambo hilo haliwezi kuandikwa na mtu asiyepata kurudi nyumbani peku siku ya Ijumaa.

Tena kuna sehemu ambayo ningependa kila mjumbe wa kamati ya msikiti aitazame. Wasichana wako upande wa wanawake, na upande huo ni duni: umeharibika, imamu hawamwoni, na maneno yake hayawafikii vizuri. Rafiki yake Kamala, Nakia, haundoki msikitini kwa hasira wala havui hijabu yake. Agombea kuingia katika kamati ya msikiti, na ashinda. Kuna watakaosema huo ni umagharibi. Mimi nasema, wewe mwenye kusoma haya, hebu nenda ukapatazame pahala wanaposwali mama yako na dada zako, uone kama pana feni, kama pana maji, kama mkeka uliopo si ule uliochakaa upande wa wanaume ukahamishiwa huko. Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza kuwazuia wanawake wasiende misikitini, na sidhani kwamba alikusudia waende wakakae stoo.

Vile vile vipindi vinaonyesha maafisa wa serikali wakiingia msikitini kupekua. Hilo halikutungwa hewani. Mwaka 2011 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba polisi wa New York walikuwa wakiipeleleza misikiti, maduka na vyama vya wanafunzi wa Kiislamu, na upelelezi huo ulivuka mto ukaingia New Jersey, jimbo ambalo Jersey City imo ndani yake. Mtoto wa Kiislamu wa huko amekulia katika hofu hiyo. Akimwona shujaa mwenye jina kama la shangazi yake, hapati burudani tu. Anapata ruhusa ya kuinua kichwa shuleni. Sisi tulioishi katika miji ambayo adhana ni sauti ya kawaida tusiwe wepesi kuidharau haja hiyo.

Lakini sasa tufike kwenye bangili.

Katika kitabu cha picha cha mwaka 2014 mwili wa Kamala ulikuwa ukinyooka na kukua, basi. Watu wa televisheni waliona hilo halitoshi. Wakampa bangili ya kale iliyotoka kwa mama wa bibi yake, na nguvu zikamjia alipoivaa. Kisha wakaleta kundi la viumbe kutoka ulimwengu mwingine, ambao wao wenyewe wasema kuwa watu wamewaita kwa majina mengi, na jina lililo mashuhuri zaidi ni majini. Ulimwengu wao waitwa Noor, yaani nuru.

Msomaji wa Pwani, wewe hulihitaji fafanuzi langu hapa. Tunafundishwa tangu chuoni kwamba malaika wameumbwa kwa nuru na majini kwa moto, na kwamba majini wamo walio wema na walio waovu, nao watahesabiwa kama sisi. Waliotunga vipindi hivi wamechukua neno la malaika wakawavika majini, na majini wakawafanya watu warembo waliopotea njia ya kwenda kwao. Na bangili ya kale itoayo nguvu, iliyorithiwa, ambayo mama wa msichana aichukia na kuificha, sisi twaijua kwa jina jingine. Hiyo ni hirizi. Mama yule aliyeificha ana elimu kuliko hadithi nzima iliyomzunguka. Mtoto wa Tanga au wa Lamu, ambaye mitaani kwao kuna waganga wauzao vitu vya namna hiyo kwa bei ya mbuzi, hatazami mchezo usio na madhara. Anaonyeshwa kwamba urithi bora wa dini na ukoo wake ni pambo la mkononi lenye nguvu.

Hapo ndipo naona tofauti baina ya kuonekana na kujulikana. Kampuni kubwa yaweza kukuonyesha: chakula chako, nguo yako, harusi yako, na salamu zako zote zikatamkwa sawasawa. Lakini itakapohitaji nguvu za shujaa zitoke mahali fulani, haitazitoa kwenye itikadi yako, maana hiyo haiijui au inaona haiuziki. Itazitoa kwenye kabati la maajabu ya Mashariki, lile lile lenye taa ya Aladini na zulia lirukalo. Wale wale waliomfuta sultani mlafi wamebakiwa na jini wake.

Je, wenyewe tukichora, tutafanya vizuri zaidi? Kwa hili tunao mfano. Dakta Naif al-Mutawa, mtaalamu wa maradhi ya nafsi kutoka Kuwait, mwaka 2006 alianzisha vitabu vya picha vilivyoitwa The 99, na baadaye vikafanywa katuni za televisheni. Hadithi yasema kwamba Wamongoli walipoiangamiza Baghdad mwaka 1258, elimu ya maktaba yake iliokolewa ndani ya mawe 99 ya nuru, na kila kijana apataye jiwe hupata nguvu moja: mmoja Jabbar, mmoja Noora, na kadhalika. Idadi hiyo kila Muislamu anaijua imetoka wapi. Mwaka 2010 Rais Obama aliisifu kazi hiyo hadharani. Mwaka 2014 wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia wakatoa fatwa ya kuiharamisha, kwa kuwa imezishusha sifa za Mwenyezi Mungu zikawa mapambo ya viumbe.

Mtunzi alijitetea kwamba viumbe wake hawana lile "Al" la mbele, na kwamba mtu aweza kuwa karimu bila kuwa Al-Karim. Utetezi huo una uzito, kwani hata sisi tuna akina Karimu na akina Rashidi mitaani na hatujakufuru. Hata hivyo nafsi yangu haikuridhika. Mtu kuitwa Karimu ni dua ya wazazi wake kwamba awe mkarimu. Mtu kupewa jiwe likamfanya Jabbar ni jambo jingine, maana sifa imekuwa mtambo. Lakini wale waliokuwa wakimtishia Dakta huyo maisha yake kwa ajili ya katuni, hao nao sijui wamesoma wapi dini yao. Kosa la kalamu hujibiwa kwa kalamu.

Pakistan walijaribu njia nyingine mwaka 2013, kwa katuni iitwayo Burka Avenger, iliyotungwa na mwimbaji Haroon. Huyo ni mwalimu wa shule ya wasichana, Jiya. Watu wanapotaka kuifunga shule, yeye hujifunika buibui jeusi na kuwapiga kwa vitabu na kalamu. Hana jini, hana jiwe. Wengine walimlaumu kwamba akiwa darasani hafuniki kichwa, na avaapo buibui ni kwa kujificha tu, kama mwizi. Lawama hiyo naiona ndogo kuliko faida. Nchi aliyotungiwa ni ile ambayo mwaka uliotangulia, 2012, msichana Malala Yousafzai alipigwa risasi ya kichwa ndani ya gari la shule. Na kwetu Afrika ya Mashariki, mwaka 2021 zilianza katuni za Super Sema, zilizotoka Kenya, na Lupita Nyong'o ni mmoja wa wasimamizi wake: mtoto wa kike wa kijiji kiitwacho Dunia ashindana na dhalimu wa chuma kwa akili na ufundi. Majina ni ya Kiswahili, na akili ni kipaji kisichovunja itikadi ya mtu. Sina ugomvi nazo.

Sasa nirudi tena kwa Kamala, kwa kuwa kipindi chake kilicho bora sijakitaja. Ni kile kinachorudi mwaka 1947, India ilipogawanywa na watu zaidi ya milioni 10 wakahama huku na huku. Tunaonyeshwa kituo cha garimoshi usiku, garimoshi la mwisho la kwenda Karachi, watu wamepanda hadi juu ya mapaa, na mtoto mdogo wa kike amempoteza baba yake katika msongamano. Mtoto huyo ndiye atakayekuwa bibi yake Kamala. Hapo televisheni yasahau mbio na mapigano kwa dakika chache, nawe watazama wanadamu waliobeba masanduku.

Huku Ngara kipindi hicho hakihitaji mfasiri. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja na usiku wake, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikajaa, miti ikaisha, maji yakawa ya kupigania, na wilaya ya wakulima wa migomba ikawa na umati wa jiji. Miongoni mwa waliovuka wamo waliokuwa na damu mikononi na wamo watoto wasiojua walilokuwa wakilikimbia, na kuwatenganisha hakukuwezekana kwa macho. Watu wa hapa wenye umri wa miaka 40 na kupanda wanayakumbuka. Hakuna bangili iliyowaka.

Na kule walikotoka palikuwa na jambo ambalo nyumba za Pwani zingepaswa kulijua kuliko zinavyomjua Spider-Man. Uislamu wa Rwanda ulipelekwa na watu wa Pwani na wenzao wa misafara, hata Waislamu wa huko wakawa wanaitwa Waswahili, na Kiswahili kikawa lugha ya mitaa yao. Mtaa wao mashuhuri katika Kigali ni Biryogo, penye Nyamirambo. Katika zile siku 100 za mauaji ya Watutsi, Waislamu wengi wa Biryogo, Wahutu kwa Watutsi, walikataa kugawanyika. Waliwaficha majirani zao misikitini na majumbani, wa dini yao na wa dini nyingine. Sisemi wote, walikuwapo pia Waislamu waliokuwa upande wa wauaji. Lakini waliokataa walikuwa wengi kiasi cha kushuhudiwa na wasio Waislamu, na baada ya vita watu wengi wa Rwanda waliingia katika Uislamu kwa kuyaona hayo.

Katika kitabu cha picha cha mwaka 2014 Kamala, kabla ya kumwokoa mtu kwa mara ya kwanza, akumbuka ile aya ya Suratul Maida ambayo baba yake alimsomea, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Waandishi wake wamestahili shukrani kwa hilo. Lakini Kamala alikuwa akirefuka kama mpira. Yule mzee wa Biryogo aliyesimama mlangoni mwake na kusema humu ndani hamna mtu, ilhali wamo kumi chini ya uvungu, alikuwa na mwili kama wako na wangu, ambao panga hukata. Bwana Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu si mwangushaji wenzake katika mieleka bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu, na mji mzima ulikuwa na ghadhabu, redio ikiichochea kila saa.

Mwaka 2011 ilitoka picha ya sinema juu ya habari hizo, iitwayo Kinyarwanda, inayoonyesha msikiti ukiwahifadhi waliokimbia. Ni nzuri. Aliyeiongoza, Alrick Brown, ni Mmarekani mzaliwa wa Jamaika. Namshukuru, kisha nauliza kwa nini alitutangulia.

Fedha ni sehemu ya jibu. Katuni ni ghali. Lakini Utendi wa Tambuka haukuhitaji fedha. Na wapenzi wa sinema wa Tanzania wanamkumbuka Lufufu, ambaye alichukua picha za Kichina na za Kihindi akazisimulia upya kwa Kiswahili, akieleza, akikejeli, akiongeza asilolisema mwigizaji, hata watu wakawa wanakwenda kumsikiliza yeye. Picha ya mgeni ikawa na mwenyeji. Bibi wa Pangani aweza kufanya hivyo hivyo sebuleni kwake. Ifikapo bangili, na aseme: hii ni hirizi, mama yake alifanya vyema kuificha. Kifikapo kituo cha garimoshi, na apunguze sauti ya televisheni, awasimulie habari za daraja la Rusumo na za Biryogo.

Kwa hayo atahitaji kuzijua, na wenye kuzijua wanazeeka. Wewe msomaji, kama unaye mzee aliyekuwa Ngara, Biharamulo au Kigali mwaka 1994, mwendee wiki hii ukiwa na daftari. Usimwanzie na siasa, atachoka mapema. Muulize habari za mlango: nani aligonga, nani alifungua, na usiku ule walikula nini.